Mtoto kupimwa kwa ajili ya elimu maalumu katika shule za umma Marekani: maswali ambayo wazazi wetu huuliza

Maswali haya ni yale yanayorudi kila mara kutoka kwa wazazi wanaozungumza Kiswahili huko Marekani: waliotoka Kongo kupitia kambi za wakimbizi za Nyarugusu, Kakuma au Nakivale, na waliotoka Kenya, Tanzania na Burundi. Majibu yanafuata sheria ya taifa. Majimbo yanaruhusiwa kuongeza haki, si kuzipunguza, na jimbo lako linaweza kuwa na muda wake wa kupima au fomu zake lenyewe.

## Mambo ya mwanzo

1. Shule inasema inataka kumfanyia mtoto tathmini. Inapima nini hasa?

Inatafuta majibu ya maswali mawili. Je, mtoto ana ulemavu unaotambuliwa na sheria? Na je, kwa sababu ya ulemavu huo anahitaji kufundishwa kwa namna ya pekee? Lazima majibu yote mawili yawe "ndiyo" ndipo aingie kwenye elimu maalumu. Mtoto anayetumia miwani na kusoma vizuri ana tatizo la macho, lakini hahitaji mafundisho ya pekee.

Hakuna sindano wala kupimwa damu. Mtoto anakaa mezani na mtaalamu, anasoma, anapanga vipande vya picha, anajibu maswali. Hatua zenyewe ziko kwenye swali la 14.

2. "Ulemavu wa kujifunza" maana yake mtoto wangu hana akili?

Hapana, na hili ndilo linalowaumiza wazazi wengi bure. Sheria inataja aina 13 za ulemavu. Ulemavu wa akili ni aina moja, ulemavu mahususi wa kujifunza ni nyingine kabisa, na huo wa pili ndio wenye watoto wengi: karibu theluthi moja ya wanafunzi wote wa elimu maalumu nchini. Ni mtoto mwenye akili zake timamu ambaye kusoma, kuandika au hesabu hakumwingii kwa njia wanayofundishwa wenzake. Disleksia, yaani shida ya kusoma na kutambua maneno, imo humo.

Hata kwenye ripoti utaona wataalamu wanaeleza nguvu za mtoto pamoja na udhaifu wake. Ripoti isiyotaja nguvu yoyote haijakamilika, na una haki ya kuuliza kwa nini.

3. Sheria gani inatulinda, na inamhusu mtoto asiye na makaratasi?

Sheria kuu inaitwa IDEA. Ilipitishwa mwaka 1975 kwa jina jingine, ikapewa jina hili 1990, na ikafanyiwa marekebisho makubwa 2004. Inasema kila mtoto mwenye ulemavu, kuanzia miaka 3 hadi 21, apewe elimu ya umma inayomfaa bila malipo. Kabla ya hapo shule nyingi ziliwarudisha nyumbani watoto hawa bila aibu.

Kuhusu makaratasi, Mahakama Kuu ya Marekani iliamua mwaka 1982, katika kesi ya Plyler v. Doe iliyotoka Texas, kwamba jimbo haliwezi kumfungia mtoto mlango wa shule ya umma kwa sababu ya hali yake ya uhamiaji. Mtoto akishakuwa mwanafunzi wa shule ya umma, haki ya kupimwa anayo.

4. Ni shilingi ngapi, au dola ngapi?

Hakuna. Kupima, mkalimani, ripoti, kikao na huduma zinazofuata vyote ni bure. Mtu akikuambia ulipe ili mtoto wako wa shule ya umma apimwe na shule, mpeleke kwa mkuu wa shule.

## Kuanzisha safari

5. Ni lazima nisubiri mwalimu aseme, au naweza kuomba mwenyewe?

Unaweza kuomba mwenyewe, siku yoyote. Shule nayo ina wajibu wa kuwatafuta watoto wenye ulemavu hata kama mzazi hajasema neno, lakini kwa kweli darasa lenye watoto 28 lina kelele nyingi, na mtoto mpole asiyesumbua mtu anaweza kupita miaka mitatu bila kuonekana.

Omba kwa maandishi. Ukimwambia mwalimu mlangoni wakati wa kumchukua mtoto, atakuitikia kwa heshima na jambo litaishia hapo. Barua haihitaji ufundi: taja jina la mtoto na darasa lake, sema unaomba afanyiwe tathmini kamili ya elimu maalumu, eleza kwa mistari miwili au mitatu unachokiona (hakumbuki herufi alizosoma jana, analia wakati wa kazi za nyumbani, dada yake mdogo amempita), kisha weka tarehe na sahihi. Baki na nakala. Barua pepe nayo inakubalika na ina faida ya kujiwekea tarehe yenyewe.

Shule inaweza kukataa kupima, lakini lazima ikuandikie kwamba imekataa, kwa nini, na imetumia taarifa gani kufikia uamuzi huo. "Tutaangalia" si jibu la kisheria. Huko Texas shule ina siku 15 za masomo kujibu ombi la maandishi. California ina siku 15 kukupa mpango wa upimaji utie sahihi.

6. Wamesema kwanza watampa msaada wa ziada, tuone kama atabadilika. Ni sawa?

Msaada wa ziada ni mzuri. Shule nyingi huanza na vikundi vidogo vya kusoma, wakipima maendeleo kila wiki au kila baada ya wiki mbili, na takwimu hizo baadaye huingia kwenye tathmini. Tatizo ni pale msaada unapogeuka kuwa chumba cha kusubiria kisicho na mlango wa kutokea. Januari 2011 Wizara ya Elimu ya Marekani iliyaandikia majimbo kuyakumbusha kwamba msaada huo hauwezi kutumiwa kuchelewesha au kukataa tathmini. Vyote viwili vinaweza kwenda pamoja.

Kuchelewesha huku si hadithi. Kuanzia mwaka 2004 Texas ilikuwa na kipimo kilichozihesabia wilaya za shule kasoro zikizidi asilimia 8.5 ya wanafunzi katika elimu maalumu, wakati kwa taifa zima kiwango kilikuwa juu zaidi ya hapo. Wilaya zikajifunza kupunguza. Gazeti la Houston Chronicle lililifichua jambo hilo 2016, na Januari 2018 serikali ya taifa ikasema wazi kwamba jimbo limevunja sheria. Familia nyingi za Kikongo zinaishi Texas. Mzazi wa huko akiambiwa "subiri kidogo" ana sababu ya kuuliza: hadi lini, tarehe gani?

7. Tangu nitie sahihi, majibu yanatoka baada ya muda gani?

Sheria ya taifa inasema siku 60 tangu shule ipokee ridhaa yako, isipokuwa jimbo liwe limeweka muda wake. Texas, kwa mfano, inahesabu siku 45 za masomo. Angalia tofauti ya "siku" na "siku za masomo", maana likizo ya kiangazi inaweza kumeza miezi miwili. Akionekana ana sifa za kuingia elimu maalumu, kikao cha kuandika mpango wake lazima kifanyike ndani ya siku 30.

Saa inaanza kugonga pale shule inapopokea karatasi ya ridhaa uliyotia sahihi, si pale ulipoomba. Kwa hiyo karatasi hiyo isilale kwenye begi la mtoto.

8. Nikitia sahihi nimekubali aingie darasa la walemavu?

Umekubali apimwe tu. Kuanza huduma kunahitaji sahihi nyingine, baadaye, baada ya kuona matokeo na kusomewa mpango. Kati ya sahihi hizo mbili una nafasi ya kuuliza, kwenda nyumbani kushauriana na ndugu, na kukataa.

Ukikataa asipimwe kwa mara ya kwanza, shule inaweza kwenda mbele ya msikilizaji wa mashauri kuomba ruhusa, ingawa hailazimiki kufanya hivyo. Ukikataa huduma zisianze, hapo shule haina njia ya kukuzunguka: neno lako ni la mwisho. Na hata baada ya huduma kuanza, unaweza kuondoa ridhaa yako kwa maandishi.

## Lugha, kambi na miaka iliyopotea

9. Mwanangu anaongea Kiingereza kama Mmarekani. Mbona wanasema hasomi?

Kiingereza cha uwanjani na cha kitabu cha sayansi ni vitu viwili. Jim Cummins, mtafiti wa Kanada, alionyesha tangu miaka ya 1970 na 1980 kwamba mtoto mgeni huweza kuzungumza na wenzake bila taabu baada ya miaka miwili hivi, lakini lugha ya masomo humchukua miaka mitano hadi saba kuwafikia wenyeji. Mtoto aliyefika miaka miwili iliyopita yuko katikati ya mto. Anasikika kama mwenyeji, kwa hiyo mwalimu anatafuta sababu nyingine ya alama mbaya, na sababu iliyo karibu ni ulemavu.

Kosa la upande wa pili nalo lipo, na watoto wetu linawaumiza vilevile. Mwalimu anasema "ni lugha tu, atazoea", na mtoto mwenye disleksia ya kweli anazoezwa kushindwa hadi darasa la sita.

Kinachotenganisha hayo mawili ni hiki: ulemavu wa kujifunza haubagui lugha. Kama shida iko kwenye Kiingereza peke yake, na nyumbani mtoto anaelewa, anakumbuka na kusimulia bila tatizo, hiyo ni lugha inayokua. Kama hata kwa lugha ya mama alichelewa kusema, anasahau majina ya vitu vya kila siku, hawezi kufuata agizo lenye hatua tatu, na ndugu zake waliofika naye siku moja wamemwacha mbali, hilo linataka kupimwa. Ushahidi huo shule haina, unao wewe.

10. Hakwenda shule miaka mitatu kwa sababu ya vita. Wanaweza kumwita mlemavu kwa hilo?

Sheria inakataza. Mtoto hawezi kuhesabiwa kuwa na ulemavu kama sababu kuu ya kushindwa kwake ni kukosa mafundisho yanayofaa ya kusoma au hesabu, au kutojua Kiingereza. Kwa ulemavu mahususi wa kujifunza kuna masharti zaidi: shida isiwe hasa inatokana na umaskini, mazingira au utamaduni.

Ili kikao kiweze kuamua, kinahitaji historia ya masomo, na mara nyingi faili lina mstari mmoja tu: "mkimbizi". Andika orodha yako. Alianza darasa la kwanza wapi, akaacha lini, alisoma kwa lugha gani, darasani walikuwa wangapi. Jambo hili la lugha lina uzito. Watoto wa Kikongo Nyarugusu, mkoani Kigoma, walifuata mtaala wa Kongo wenye Kifaransa, Waburundi wakafuata wa kwao, na wale wa Kakuma wakafuata mtaala wa Kenya wenye Kiingereza na Kiswahili. Mtoto aliyepita Nyarugusu akaingia shule ya Ohio amebadilisha lugha ya kufundishiwa bila kubadilisha akili.

Eleza pia afya: malaria kali iliyopanda kichwani, degedege, kuanguka, kuzaliwa kwa shida, masikio yaliyokuwa yakitoa usaha. Na mambo aliyoyaona njiani. Si rahisi kuyasema mbele ya watu usiowajua, na unaweza kuomba kuyasema faraghani kwa mwanasaikolojia wa shule kabla ya kikao. Mtoto anayeota ndoto mbaya kila usiku hasomi vizuri mchana, na hilo linahitaji msaada wa aina nyingine.

11. Atapimwa kwa Kiswahili?

Sheria inataka apimwe kwa lugha na namna itakayoonyesha kwa usahihi anachokijua, isipokuwa pale ambapo haiwezekani kabisa. Kanuni hii ilipiganiwa. Mwaka 1970, huko California, familia za watoto tisa waliokuwa wakizungumza Kispania zilifungua kesi ya Diana: watoto hao walikuwa wamepimwa akili kwa Kiingereza wakawekwa madarasa ya wenye ulemavu wa akili. Walipopimwa upya kwa Kispania, wengi wao wakaonekana hawakustahili kuwa humo.

Kwa Kiswahili hali ni ngumu kuliko Kispania. Vipimo vikubwa vinavyotumika, kama WISC cha uwezo wa kufikiri na Woodcock-Johnson cha masomo, vimepimiwa viwango vyake kwa watoto wa Marekani. Mkalimani akikitafsiri kimoja kwa mdomo papo hapo, alama zinazotoka si alama tena kwa maana ile ile, na mpimaji mwaminifu huandika hivyo kwenye ripoti. Ndiyo maana huongeza vipimo visivyohitaji maneno, ambavyo mtoto hujibu kwa kuonyesha na kupanga, huangalia kazi zake za darasani, na huwauliza wazazi.

Kisha kuna suala la Kiswahili kipi. Fomu ya kuandikisha shule inasema "Swahili", basi shule inaita mkalimani wa Kiswahili, anakuja mtu wa Mombasa au Dar es Salaam mwenye Kiswahili sanifu. Mtoto ni wa Uvira au Fizi. Nyumbani ni Kibembe, Kifuliru au Kinyamulenge, na Kiswahili chake ni cha sokoni na cha kambini. Anasema "kitabu yangu" na "batoto", kama mtaa mzima aliokulia unavyosema, na anayepima anaandika kwamba hajui upatanisho wa sarufi. Hapo amepimwa lahaja, si mtoto. Sema mapema, kwa maandishi, lugha ipi mtoto alianza kuisema, ipi anaitumia na bibi yake, na ipi na ndugu zake. Kama mkalimani hamuelewani, una haki ya kusema hivyo na kuomba mwingine. Si utovu wa adabu.

12. Kiswahili alikisoma vizuri. Basi disleksia haiwezekani?

Inawezekana. Kiswahili kinaandikwa kama kinavyotamkwa: ukishajua silabi, neno lolote unalitamka. Kiingereza kina maneno kama "though", "through" na "tough". Katika lugha zenye maandishi ya wazi, mtoto mwenye disleksia mara nyingi hakosei sana maneno. Anasoma polepole, kwa silabi moja moja, na anachoka, wakati wenzake wanateleza. Kwa hiyo usiishie kuuliza kama alisoma, uliza alisoma kwa kasi gani. Mpe ukurasa wa Kiswahili anachokijua, msikilize dakika mbili, umweleze mwanasaikolojia ulichosikia.

13. Dada yake mkubwa anajua Kiingereza. Anaweza kunitafsiria kikaoni?

Usikubali, hata shule ikiomba kwa upole. Shule inawajibika kuhakikisha mzazi anaelewa kinachosemwa, na hiyo ni pamoja na kumletea mkalimani bila malipo. Binti wa miaka 14 hawezi kutafsiri "kumbukumbu ya kazi" wala "uchakataji wa sauti", na hapaswi kubeba habari za mdogo wake za namna hiyo. Taarifa za maandishi kuhusu uamuzi wa shule nazo zinatakiwa kuwa katika lugha yako pale inapowezekana. Kama husomi, waambie. Wanatakiwa wakusomee.

## Siku ya kupimwa na matokeo

14. Wanafanya nini naye?

Kwanza macho na masikio, na kama shule imeruka hapo, irudishe. Halafu mwanasaikolojia wa shule hupima namna anavyofikiri, kukumbuka na kuchakata habari. Mwalimu wa elimu maalumu hupima kusoma, kuandika na hesabu. Mtaalamu wa lugha na matamshi huingia kama kuna shida ya kusema. Mtu mmoja lazima amtazame mtoto darasani akiwa kwenye somo lenyewe linalomsumbua. Kwa kawaida kazi hii hugawanywa kwa siku kadhaa ili mtoto asichoke.

Kipimo kimoja pekee hakitoshi kuamua. Sheria inakataza. Na tangu 2004 majimbo hayawezi tena kuzilazimisha shule kusubiri pengo kubwa kati ya alama za akili na alama za masomo, utaratibu ambao ulimfanya mtoto asubiri hadi ashindwe vya kutosha.

Usimfundishe nyumbani majibu. Mlaze mapema, mpe kifungua kinywa, mwambie wanataka kujua afundishwe vipi.

15. Ripoti imejaa namba. Nizisomeje?

Namba nyingi zina wastani wa 100. Watoto wawili katika kila watatu wako kati ya 85 na 115. Chini ya 85 wanaanza kuuliza maswali.

Namba inayopotosha zaidi ni ile ya nafasi katika watoto mia. Mzazi anaona "25" anadhani mtoto amepata asilimia 25, amefeli. Sivyo. Maana yake ni kwamba kati ya watoto 100 wa umri wake, amefanya sawa au vizuri kuliko 25, na hapo bado yuko kwenye eneo la kawaida.

Ripoti ni yako na nakala ni bure. Iombe siku kadhaa kabla ya kikao. Kusomewa kurasa 20 kwa mara ya kwanza mbele ya watu saba ni kuonewa, hata kama hakuna aliyekusudia.

16. Nani anaamua, na mimi nina kura?

Inaamua timu, na wewe ni mjumbe, si mgeni mwalikwa. Humo yumo mwalimu wa darasa lake la kawaida na mtu mwenye ujuzi wa kupima. Kwa ulemavu mahususi wa kujifunza, timu inaangalia maeneo manane: kujieleza kwa mdomo, kuelewa anachosikia, kuandika, misingi ya kusoma, kasi ya kusoma, kuelewa anachosoma, kukokotoa hesabu na kufumbua mafumbo ya hesabu. Mjumbe asiyekubaliana na hitimisho hutoa maelezo yake kwa maandishi.

Waheshimu walimu, lakini heshima si kunyamaza. Kwetu tumezoea mwalimu akisema, mzazi anaitikia. Kule ukimya wako unaandikwa kama kukubali.

17. Sikubaliani na matokeo. Nifanye nini?

Omba tathmini huru kwa gharama ya umma, yaani mtaalamu asiyeajiriwa na wilaya ampime mtoto upya, wilaya ilipe. Ukishaomba, wilaya ina njia mbili tu bila kuchelewa: ilipe, au iombe shauri lisikilizwe ili ithibitishe kwamba tathmini yake ilikuwa sahihi. Wanaweza kukuuliza kwa nini, lakini huwajibiki kueleza. Sababu ya lugha iliyoelezwa swali la 11 ni sababu nzito kabisa.

Zaidi ya hapo kuna usuluhishi, malalamiko kwa idara ya elimu ya jimbo, na shauri rasmi, ambalo kwa kawaida hufunguliwa ndani ya miaka miwili. Anza na kilicho chepesi.

## Baada ya uamuzi

18. Watamtenga na wenzake?

Sheria inataka abaki na wenzake kadiri inavyofaa kwake. Karibu theluthi mbili ya wanafunzi wa elimu maalumu hukaa kwenye darasa la kawaida asilimia 80 ya siku au zaidi. Mtoto mwenye shida ya kusoma huenda akatolewa dakika 30 au 45 kwa siku kusoma na mwalimu wa kikundi kidogo.

Mpango wake wa mwaka unaitwa IEP, na unaandika malengo, dakika na nani anafanya nini. Mwaka 2017, katika kesi ya Endrew F. kutoka Colorado, Mahakama Kuu ilisema mpango lazima ulenge maendeleo yanayolingana na hali ya mtoto, si ya kuonekana tu. Malengo yakinakiliwa yale yale mwaka wa pili na wa tatu, taja kesi hiyo kwa jina. Inasaidia.

19. Ameonekana hana sifa. Ndiyo basi?

Sivyo lazima. Kuna kifungu cha 504 cha sheria ya mwaka 1973, ambacho kinamlinda mwanafunzi mwenye hali inayomzuia kwa kiasi kikubwa katika jambo kubwa la maisha, hata kama hahitaji kufundishwa tofauti: muda wa ziada kwenye mtihani, kukaa mbele, kusomewa maswali. Mtoto anayejifunza Kiingereza anaendelea pia kuwa na haki ya msaada wa lugha. Na akipata elimu maalumu, msaada wa lugha haukomi. Shule ikisema achague kimoja, imekosea.

20. Akishaingia ndiyo milele?

Mpango hupitiwa kila mwaka. Tathmini mpya hufanywa angalau kila miaka mitatu, isipokuwa wewe na shule mkubaliane haihitajiki. Kwa mtoto aliyepimwa mapema baada ya kufika nchini, usikubali kuiruka. Kiingereza chake kimebadilika na picha inaweza kuwa nyingine.

21. Tunahamia jimbo jingine katikati ya tathmini.

Shule mpya hairuhusiwi kuanza kusuasua kwa sababu mmehama. Zote mbili zinatakiwa kushirikiana kumaliza haraka. Kama tayari ana IEP, shule mpya humpa huduma zinazolingana huku ikijipanga. Beba nakala mkononi, maana faili rasmi huchelewa.

22. Mtoto wa miaka miwili, au kijana wa miaka 17?

Chini ya miaka 3 kuna mpango tofauti wa jimbo unaofika hadi nyumbani, omba kupitia daktari wa mtoto au piga simu mwenyewe. Kijana wa 17 bado ana haki: umri huenda hadi 21, ingawa majimbo hutofautiana, na cheti cha kawaida cha kumaliza sekondari huifunga haki hiyo. Kuanzia 16 mpango wake lazima uzungumzie kazi, chuo na maisha baada ya shule. Katika majimbo mengi akifika 18 anasaini mwenyewe.

23. Wanamfukuza kwa ukorofi. Kupimwa kunasaidia?

Mwanafunzi wa elimu maalumu akiondolewa shule zaidi ya siku 10, timu lazima ikae iulize kama tabia hiyo imetokana na ulemavu wake. Kinga hii inaweza kumfikia hata ambaye hajapimwa, ikiwa mzazi alishaomba tathmini au alishaeleza wasiwasi wake kwa maandishi kabla ya tukio. Ile barua ya swali la 5, tena.

24. Tutapata hela? Itaharibu makaratasi yetu?

Tathmini ya shule haileti hela. SSI, yaani malipo ya serikali kwa wenye ulemavu wenye kipato kidogo, hutolewa na ofisi nyingine, kwa vigezo vyake vya ulemavu na kipato, ingawa itaomba kuona ripoti ya shule. Kuhusu uhamiaji, wakimbizi wanaoomba kadi ya kijani wameondolewa kisheria kwenye kigezo cha kuwa mzigo kwa serikali. Mwenye hali nyingine amwone mwanasheria wa uhamiaji, si jirani.

25. Nani wa kunisaidia bila malipo?

Kila jimbo lina angalau kituo kimoja cha kuwafundisha wazazi wa watoto wenye ulemavu, kinacholipiwa na serikali ya taifa. Uliza shule jina lake, au uliza shirika lililowapokea mlipofika. Unaruhusiwa pia kuingia kikaoni na mtu unayemwamini anayemjua mtoto: mchungaji, mjomba, jirani aliyekwisha kupita njia hiyo. Waarifu shule kabla, ili kiti kiwepo.